Safari ya Cheick Cissé katika taekwondo: Mafunzo kwa vijana na wazazi

Tarehe 19 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro nchini Brazil, fainali ya taekwondo ya wanaume wenye uzani usiozidi kilo 80 ilikuwa imebakisha sekunde moja. Lutalo Muhammad wa Uingereza alikuwa akiongoza kwa alama 6 dhidi ya 4. Mpinzani wake, Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa, alijizungusha na kurusha teke lililotua kichwani mwa Muhammad. Teke hilo lilimpa alama 4. Muda ukaisha, na ubao ukaonyesha 8-6.

Hiyo ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya Kodivaa. Kabla ya siku hiyo, taifa hilo la Afrika Magharibi lilikuwa limepata medali moja tu ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya fedha, aliyoshinda Gabriel Tiacoh katika mbio za mita 400 mjini Los Angeles mwaka wa 1984. Miaka 32 ilikuwa imepita.

Video ya teke hilo imetazamwa kote duniani, na vijana wengi wanaojiunga na taekwondo wameiona. Hata hivyo, sekunde hiyo moja haielezi jinsi mchezaji anavyofika katika fainali ya Olimpiki, wala yanayompata baadaye. Makala haya yanafuata safari ya Cissé na kueleza jinsi mchezo huu unavyoendeshwa, ili kijana anayetaka kuufuata na mzazi anayeombwa ruhusa na ada wajue kilicho mbele yao.

MCHEZO ULIOANZA KWA MWALIMU MMOJA

Cissé alizaliwa tarehe 19 Septemba 1993 katika mji wa Bouaké, ulioko katikati ya Kodivaa. Aliposhinda dhahabu mjini Rio alikuwa na umri wa miaka 22.

Taekwondo ni mchezo wa kujihami uliotoka Korea. Jina lake limeundwa kwa maneno matatu ya Kikorea yenye maana ya mguu, ngumi na njia. Nchini Kodivaa mchezo huu ulifikishwa na mwalimu kutoka Korea Kusini, Kim Young Tae, mwaka wa 1968. Alifundisha wanafunzi, nao wakawa walimu wa wengine, hadi taekwondo ikawa miongoni mwa michezo inayopendwa zaidi nchini humo baada ya kandanda.

Kwa hivyo, Cissé alipopanda jukwaani mjini Rio, taekwondo ilikuwa imefundishwa nchini mwake kwa miaka 48. Nyuma yake kulikuwa na vizazi vya walimu na wachezaji ambao majina yao hayajulikani nje ya mitaa yao. Hakuwa peke yake pia siku hiyo. Mwenzake, Ruth Gbagbi, alishinda medali ya shaba siku hiyo hiyo katika uzani wa wanawake usiozidi kilo 67. Siku moja ya taekwondo iliipa Kodivaa medali mbili, ilhali michezo mingine yote ilikuwa imeipa moja katika historia yake nzima ya Olimpiki.

Hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza. Bingwa mmoja huonekana kama amechipuka ghafla, lakini mara nyingi yeye ni tunda la shamba lililolimwa kwa muda mrefu.

JINSI ALAMA ZINAVYOHESABIWA

Taekwondo iliingizwa kwenye Olimpiki kama mchezo wa maonyesho mwaka wa 1988 mjini Seoul na tena mwaka wa 1992 mjini Barcelona. Tangu Sydney 2000 umekuwa mchezo kamili wa medali. Wachezaji hukabiliana juu ya mkeka wenye pembe nane, katika raundi tatu za dakika mbili kila moja.

Kila mchezaji huvaa kinga ya kifua, kofia ya kinga, na kinga za mikono, miguu, meno na kinena. Kinga ya kifua na kofia vina vifaa vya kielektroniki ambavyo hutambua pigo na kutuma alama kwenye ubao. Vifaa vya kifuani vilitumika kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki mjini London mwaka wa 2012, na vya kichwani mjini Rio mwaka wa 2016. Ngumi hutolewa alama na waamuzi wanaoketi kando ya mkeka.

Kanuni hubadilika mara kwa mara. Katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, alama zilitolewa hivi:

Ngumi ya kifuani: alama 1.
Teke la kifuani: alama 2.
Teke la kichwani: alama 3.
Teke la kifuani la kujizungusha: alama 4.
Teke la kichwani la kujizungusha: alama 5.

Mjini Rio, teke la kawaida la kifuani lilikuwa na alama 1, na teke la kichwani la kujizungusha lilikuwa na alama 4. Ndiyo maana Cissé, aliyekuwa nyuma kwa alama 2, hakuwa na njia nyingi katika sekunde ya mwisho. Teke moja la kawaida la kifuani lisingetosha hata kusawazisha. Alihitaji pigo lenye alama nyingi, na teke la kichwani la kujizungusha ndilo lililokuwa na malipo makubwa zaidi. Pia ndilo gumu zaidi, kwa sababu mchezaji humpa mpinzani mgongo kwa muda mfupi kabla ya kupiga. Teke la namna hiyo halibuniwi palepale uwanjani. Hurudiwa mazoezini hadi mwili uweze kulitekeleza bila kusubiri kufikiri.

Kuna makosa pia. Ni marufuku kupiga chini ya mkanda, kumpiga mpinzani ngumi ya uso, kumshika, kumsukuma kinyume cha kanuni, kutoka nje ya mkeka au kukwepa pambano. Kila kosa humpa mpinzani alama 1. Wazazi wanaohofia kwamba taekwondo itamfunza mtoto ugomvi wanafaa kulifahamu hili: ndani ya mkeka, hasira humpotezea mchezaji alama. Anayeshindwa kujizuia hushindwa pambano.

Tangu Rio, mfumo wa ushindi umebadilika pia. Wakati huo alama za raundi zote tatu zilijumlishwa. Mjini Paris mshindi alikuwa yule aliyeshinda raundi mbili kati ya tatu. Alama za raundi moja hazivuki kwenda kwa raundi inayofuata. Mchezaji aliyezidiwa sana katika raundi ya kwanza huanza ya pili sawa na mwenzake.

MKANDA MWEUSI SIO TIKETI YA OLIMPIKI

Katika vilabu vingi vya mashinani, maendeleo ya mtoto hupimwa kwa rangi ya mkanda. Kwa kawaida huanza na mweupe, kisha manjano, kijani, samawati na mwekundu, hadi mweusi. Baada ya mkanda mweusi kuna ngazi nyingine zinazoitwa dani, ambazo vyeti vyake vya kimataifa hutolewa na taasisi ya Kukkiwon iliyoko Seoul.

Mkanda huonyesha kiwango cha ujuzi. Hauonyeshi uwezo wa kushindana. Mtu anaweza kupata mkanda mweusi na kuwa mwalimu mzuri bila kuwahi kupigana katika mashindano makubwa. Na anayetaka kufika alikofika Cissé anahitaji mkanda pamoja na kitu kingine: rekodi ya mapambano.

Shirikisho la Dunia la Taekwondo, lililoanzishwa mjini Seoul mwaka wa 1973, hugawa washindani kwa umri. Wenye umri wa miaka 12 hadi 14 wana daraja lao, wa miaka 15 hadi 17 lao, na daraja la watu wazima huanzia miaka 17. Kwa hivyo mtoto anayeanza akiwa na miaka 8 au 9 hajachelewa, na hana haja ya kuharakishwa. Miaka ya kwanza ni ya kujifunza kusimama, kupumua, kuanguka bila kuumia na kuheshimu mwalimu na mpinzani.

NJIA YA KUFIKA OLIMPIKI

Mchezaji hawezi kujiandikisha kwenye Olimpiki kwa sababu tu ni bingwa wa nchi yake. Nafasi ni chache. Katika mashindano ya dunia kuna viwango vinane vya uzani kwa wanaume na vinane kwa wanawake. Katika Olimpiki viwango hivyo hupunguzwa hadi vinne kwa kila upande: wanaume ni kilo 58, 68, 80 na zaidi ya 80, wanawake ni kilo 49, 57, 67 na zaidi ya 67.

Kwa Mwafrika, njia kuu za kupata nafasi ni mbili.

Njia ya kwanza ni orodha ya ubora ya Olimpiki. Mchezaji hukusanya pointi katika mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la dunia. Mashindano madogo yana pointi chache. Ubingwa wa bara, mashindano ya Grand Prix yaliyoanza mwaka wa 2013, ubingwa wa dunia na Olimpiki yenyewe yana pointi nyingi zaidi. Wanaomaliza katika nafasi za juu kabisa katika kila uzani hupata tiketi moja kwa moja.

Njia ya pili ni mashindano ya kufuzu ya bara. Barani Afrika, wawili bora katika kila uzani ndio hufuzu. Hapa siku moja huamua. Aliyefanya mazoezi miaka minne anaweza kupoteza nusu fainali kwa alama moja na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ugumu wa njia ya kwanza si mateke peke yake. Pointi hukusanywa kwa kusafiri. Mchezaji anahitaji tiketi za ndege, viza, malazi, ada za kushiriki na mkufunzi wa kuandamana naye, mara kadhaa kwa mwaka. Mchezaji mwenye kipawa asiyesafiri hubaki chini katika orodha, na aliye chini hupangwa kukutana na majabali mapema katika mashindano yanayofuata. Kwa sababu hiyo, wachezaji wengi kutoka mataifa yenye bajeti ndogo ya michezo hutegemea zaidi mashindano ya kufuzu ya bara.

WAKENYA WALIOTANGULIA

Kenya ina historia yake katika njia hii. Mildred Alango na Dickson Wamwiri walishiriki Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008. Faith Ogallo alifuzu kupitia mashindano ya bara yaliyofanyika Rabat, Morocco, mwezi wa Februari 2020, katika uzani wa zaidi ya kilo 67, na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Tokyo. Alikuwa Mkenya pekee wa taekwondo katika Olimpiki hiyo. Kufuzu kwake kulifuatwa na mwaka mzima wa kungoja, kwa kuwa janga la korona lilisababisha Michezo ya Tokyo kuahirishwa kutoka 2020 hadi 2021.

Watu wenye ulemavu pia wana nafasi. Taekwondo iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, kwa wachezaji wenye ulemavu wa mikono. Kenya iliwakilishwa na Stency Obonyo mjini Paris mwaka wa 2024. Mzazi mwenye mtoto aliyepoteza mkono au aliyezaliwa na ulemavu wa mkono asidhani kwamba mchezo huu haumhusu.

BAADA YA DHAHABU

Sehemu ya safari ya Cissé ambayo haizungumzwi sana ni ile iliyofuata baada ya Rio.

Bingwa wa Olimpiki hujulikana na kila mtu, na kujulikana kuna gharama yake. Wapinzani hutazama video zake tena na tena. Kila mkufunzi duniani alijua kwamba Cissé anaweza kugeuza pambano kwa teke la kujizungusha katika sekunde ya mwisho, na kila mmoja akamfundisha mchezaji wake jinsi ya kukaa mbali naye muda unapoyoyoma. Silaha iliyomshangaza Muhammad haikuwa siri tena.

Cissé alikwenda Tokyo kutetea taji lake katika uzani wa kilo 80. Alirudi bila medali.

Kwa wachezaji wengi huo ungekuwa mwisho. Alikuwa anakaribia miaka 28, tayari alikuwa na dhahabu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai zaidi. Lakini aliendelea, na akafanya uamuzi ambao wachezaji wa michezo ya uzani huogopa: alipanda hadi uzani wa juu, ambako alikabiliana na watu wakubwa kuliko wale aliowazoea.

Suala la uzani linafaa kueleweka vizuri. Mchezaji hupimwa kabla ya mashindano, na akizidi kiwango hata kidogo huondolewa. Kwa sababu hiyo baadhi yao hujinyima chakula na maji ili washuke. Kadiri mtu anavyokua, kushuka kunakuwa kugumu, na nguvu ambazo angezitumia kupigana huishia kwenye kupunguza kilo. Anayepanda uzani huondokewa na mzigo huo, lakini hukutana na wapinzani warefu na wenye mateke mazito.

Mwaka wa 2023, katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Baku, Azerbaijan, Cissé alishinda dhahabu katika uzani wa zaidi ya kilo 87. Alikuwa ameshakuwa bingwa wa Olimpiki. Sasa akawa bingwa wa dunia, na katika uzani tofauti.

Tarehe 10 Agosti 2024, ndani ya jumba la Grand Palais mjini Paris, alishinda medali ya shaba ya Olimpiki katika uzani wa zaidi ya kilo 80. Dhahabu ilikwenda kwa Arian Salimi wa Iran na fedha kwa Caden Cunningham wa Uingereza. Katika taekwondo ya Olimpiki, medali za shaba huwa mbili kwa kila uzani, kwa sababu waliopigwa na wale waliofika fainali hupewa nafasi ya kurudi na kuwania shaba. Rafael Alba wa Cuba alitwaa ile nyingine.

Dhahabu, kisha patupu, kisha shaba. Ukiitazama orodha hiyo kwenye karatasi, inaweza kuonekana kama mtu aliyeshuka. Ukizingatia kwamba miaka minane ilipita kati ya medali hizo mbili, kwamba alibadilisha uzani, na kwamba kila mpinzani alimjua kabla ya kumwona, shaba ya Paris inaweza kuwa ilihitaji uvumilivu mwingi kuliko dhahabu ya Rio.

AFRIKA SI MGENI TENA

Cissé na Gbagbi hawakuwa Waafrika pekee waliong'aa. Mjini Rio, Oussama Oueslati wa Tunisia na Hedaya Malak wa Misri walishinda shaba, na Abdoul Razak Issoufou wa Niger akashinda fedha. Medali ya Issoufou ilikuwa ya pili katika historia ya Niger, baada ya shaba ya Issaka Daborg katika ndondi mjini Munich mwaka wa 1972.

Mwaka uliofuata, mjini Muju nchini Korea Kusini, Issoufou na Gbagbi walitawazwa mabingwa wa dunia. Gbagbi akaongeza shaba nyingine ya Olimpiki mjini Tokyo. Niger na Kodivaa si mataifa yenye utajiri wa viwanja. Taekwondo haihitaji uwanja mkubwa wala nyasi. Inahitaji ukumbi wenye sakafu salama, mikeka, kinga chache za kuanzia, na mwalimu anayefika kila siku.

KABLA YA KUMPELEKA MTOTO KLABUNI

Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imegawa majukumu ya michezo. Serikali ya kitaifa inashughulikia ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo. Serikali za kaunti zinashughulikia shughuli za michezo na vifaa vyake katika maeneo yao, vikiwemo viwanja na kumbi za kijamii. Timu ya taifa huteuliwa na shirikisho la kitaifa la mchezo husika. Kwa hivyo, anayetafuta mahali pa kufanyia mazoezi huanzia kwenye afisi ya michezo ya kaunti; anayetafuta nafasi katika timu ya taifa hupitia mashindano ya shirikisho.

Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 inahitaji vilabu na mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo. Usajili si karatasi ya bure. Klabu isiyosajiliwa haina katiba inayojulikana wala viongozi wanaoweza kuwajibishwa, na mchezaji wake anaweza kuzuiwa kushiriki mashindano rasmi baada ya kulipa ada kwa miaka.

Mzazi anafaa kuuliza maswali haya kabla ya kulipa chochote:

1. Klabu imesajiliwa? Cheti kiko wapi?

2. Mkufunzi ana cheti gani cha mkanda, na kilitolewa na nani? Amefunzwa huduma ya kwanza?

3. Ada ni ngapi kwa mwezi, na mtihani wa mkanda hulipiwa kiasi gani? Baadhi ya familia hushangazwa na ada za mitihani ya mkanda zinazokuja mara kwa mara kuliko walivyotarajia.

4. Kinga za kichwa, kifua na meno zipo? Mtoto asiruhusiwe kupigana bila kinga hata kama ni mazoezi tu.

5. Mazoezi hufanyika wapi na saa ngapi? Mzazi anaruhusiwa kuketi na kutazama? Mkufunzi anayekataa wazazi wasitazame anafaa kutiliwa shaka.

6. Ratiba inaingiliana na masomo? Klabu nzuri hupunguza mazoezi wakati wa mitihani ya shule.

Kuhusu afya, jambo la kwanza ni kichwa. Mtoto aliyepigwa kichwani kisha akahisi kizunguzungu, akatapika, akasahau mambo au akaumwa na kichwa kwa muda mrefu, ni lazima asimamishe mazoezi mara moja na apelekwe katika kituo cha afya. Asirudi mkekani siku hiyo hata akisema amepona. Jambo la pili ni uzani. Mtoto anayekua hapaswi kunyimwa chakula au maji ili aingie katika uzani fulani. Mkufunzi anayemwagiza mtoto afanye hivyo anamdhuru.

Jambo la tatu ni dawa. Mchezaji anayefika kiwango cha kitaifa anaweza kupimwa wakati wowote, hata asipokuwa mashindanoni. Shirika la kukabiliana na dawa haramu michezoni nchini, ADAK, liliundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Dawa za kawaida za mafua na poda za kuongeza misuli zinaweza kuwa na viungo vilivyopigwa marufuku, na mchezaji ndiye hubeba lawama kwa kila kitu kilichopatikana mwilini mwake. Ni vyema kumwambia daktari au mwuzaji dawa mapema kwamba mgonjwa ni mwanamichezo anayeshindana.

FAIDA ISIYO NA MEDALI

Wengi wanaoanza taekwondo hawatafika Olimpiki. Ni vyema mzazi na mtoto waelewane hivyo tangu siku ya kwanza. Kati ya maelfu waliofunzwa nchini Kodivaa tangu mwaka wa 1968, aliyeleta dhahabu ya Rio alikuwa mmoja.

Hata hivyo, waliobaki hawakupoteza muda wao. Kuna waliokuwa walimu, waamuzi na wasimamizi wa vilabu. Nchini Kenya, vikosi vya usalama na vyuo vikuu vina timu za taekwondo. Kuna pia msichana aliyejifunza kujihami, na mvulana aliyepata mahali pa kwenda jioni badala ya kukaa barazani bila kazi. Haya hayaonekani katika orodha ya medali, lakini ndiyo hubakia katika wadi na vijiji.

Na kwa yule anayetaka kufika mbali, safari ya Cissé inatoa kipimo cha kweli. Fainali ya Rio ilimkuta akiwa nyuma kwa alama 2 na sekunde moja mkononi. Tokyo ilimrudisha nyumbani bila kitu. Katika hali zote mbili aliendelea na kazi aliyoianza. Mafanikio yake ya pili hayakuwa na kelele nyingi kama ya kwanza, lakini ndiyo yanayoonyesha jinsi taaluma ya mchezaji inavyojengwa: mazoezi ya Jumatatu asubuhi, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya watu kuacha kupiga makofi.

Wakaazi wanaotaka kujua vilabu vilivyosajiliwa, kumbi zinazoweza kutumika kwa mazoezi na utaratibu wa kusajili klabu mpya wanashauriwa kutembelea afisi ya michezo katika kaunti ndogo yao. Watoto walio chini ya umri wa miaka 18 waandamane na mzazi au mlezi.